Ua Uliopogolewa Kama Chai

Ukifika juu ya Kianjokoma, pale mashamba ya chai yanapokaribia msitu, ukauliza ni nani anayejua kupogoa chai, utatajiwa mtu mmoja tu: Muchangi wa Mwaniki. Ana miaka hamsini na minne, mikono yake imejaa makovu madogo, na panga lake la kupogolea, lililopinda kidogo kwenye ncha, haliazimwi na mtu. Kwa miaka thelathini watu wamemwita kila Juni baridi inapoingia. Hushika mstari mmoja baada ya mwingine, akakata vichaka mpaka vikabaki vijiti vitupu vya kimo cha goti, huku mwenye shamba amesimama pembeni roho mkononi, akidhani mali yake imekwisha. Miezi mitatu baadaye shamba limerudi kijani, limelala bapa kama meza. Muchangi hupita hapo akijifanya haangalii, lakini anaangalia sana.

Nataka hili lieleweke mapema, kwa sababu nitakayoyasimulia yatamfanya aonekane mjinga, na mjinga siye. Ni fundi. Balaa lake lilianzia hapohapo kwenye ufundi.

Mama yake, Ruguru, ana miaka themanini na mitatu na haoni. Macho yalianza kufifia mumewe, mzee Mwaniki, akiwa angali hai, yakafunga kabisa miaka miwili baada ya mazishi. Hata hivyo hakuna mtu aliyewahi kumshika mkono Ruguru kumpeleka kanisani. Kutoka mlangoni pake ulianza ua wa saiprasi ambao yeye na mumewe waliupanda mwaka waliooana. Ua ule uliandamana na kijia hatua tisini na kitu hadi barabarani, na kanisa liko ng'ambo ya barabara. Ruguru alinyoosha mkono wa kushoto, akaugusa ua, akaenda. Akirudi alinyoosha wa kulia. Alilijua shina lenye fundo kubwa, hapo kijia kinapinda. Aliujua mwanya waliopenyea mbwa, hapo kuna jiwe la kujikwaa. Na ilikuwa lazima ajue, maana upande wa pili wa kijia hakuna kitu; kuna ukingo wa udongo mwekundu unaoporomoka kimo cha watu wawili hadi kwenye chai ya jirani.

Mzee Mwaniki alipofariki, makasi yake ya ua yalitundikwa ghalani yakashika kutu. Muchangi alikuwa akipogoa chai ya watu, na ya nyumbani, mnawajua mafundi, yalisubiri. Miaka kumi na miwili yalisubiri. Ua ukanenepa. Ukapanda mpaka ukaufikia waya wa stima, ukatanuka mpaka ukala nusu ya kijia, kisha zaidi ya nusu. Kila mwaka ulimsukuma yule mama kidogo kuelekea ukingoni. Aliinamisha kichwa tu, akakinga uso kwa kitambaa, akaenda zake kanisani akiwa na vipande vya majani kwenye nywele.

Siku iliyofuata Krismasi, tawi lilimchapa usoni, akarudi nyuma hatua moja, na hatua hiyo ikakosa pa kukanyaga. Aliteleza hadi katikati ya ukingo, akashikilia mizizi, akakaa hapo mpaka mkwewe Nelius, mke wa Muchangi, akasikia akiitwa kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba kikombe cha maji. Hakuvunjika kitu. Lakini watoto wote walikuwa nyumbani kwa sikukuu, na Veronicah, dada yake Muchangi, alishuhudia mama yake akiburutwa juu kwa mikono yote miwili, marinda yamejaa udongo.

Veronicah ana kazi ya ofisi Nairobi, na anaishi ghorofa ya nne huko Kasarani. Si mtu mbaya. Ni mtu wa tarehe.

"Mimi sitaki maneno mingi," alimwambia kaka yake. "Pasaka nikikuja nataka kuona hii njia imefunguka. Mami akianguka tena mara moja, naenda na yeye."

Muchangi aliogopa. Sisemi alihuzunika, nasema aliogopa. Ile ghorofa ya nne aliijua. Mama yao aliwahi kukaa kule wiki moja kwa ajili ya kliniki ya macho. Siku zote saba alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango wenye vyuma, mikono mapajani, akiuliza kuku wamelishwa na nani. Hakukuwa na kitu cha kugusa kilichompeleka mahali. Aliporudi alikuwa amekonda, na aliposhuka garini jambo la kwanza alilofanya ni kunyoosha mkono kuutafuta ua. Muchangi alijua kwamba mama yake akienda kule kuishi, atakufa, na hatachukua muda mrefu.

Basi akamwita Njagi. Njagi ni jirani, mtunza bustani wa nyumba moja ya wageni mjini Embu, na kazi yake kubwa kule ni nyua. Huzikata mwaka mzima hadi ziwe na kona kama za sanduku. Huja nyumbani mwisho wa wiki. Jumapili ya kwanza ya Januari, baada ya ibada, walisimama kwenye kijia wote wawili. Njagi aliingiza mkono ndani ya ua mpaka kwapani, akafunua matawi.

"Angalia huku ndani," akasema. "Kijani ni hii ya juu tu. Ndani ni vijiti. Saiprasi haina macho ya kuchipua kwa mti mzee. Ukikata ukivuka kijani, hapo hakuna kitu itarudi."

"Kwani chai ina macho?"

"Chai iko na macho mpaka chini kwa shina. Hii si chai, Muchangi."

"Haya. Nifanye nini?"

Njagi akamwambia, taratibu, akihesabu kwa vidole. Usikate na hili jua; ngoja mvua ya mwisho wa Machi iloweshe udongo. Kata upande wa kijia peke yake, ncha za kijani tu, mwaka huu kidogo, mwaka ujao kidogo. Acha ua uwe mpana chini na mwembamba juu, ndiyo jua lifike mpaka miguuni. Tafuta viota na nyigu kabla hujaingiza panga. Vaa miwani na glavu, maana vijiti vya saiprasi vinatafuta macho. Ngazi usiiegemeze kwa matawi. Na pale kwa waya wa stima usipande, paache mpaka wenye stima waje.

"Na Mami je?" Muchangi akauliza. "Hiyo miaka yako ya kidogo kidogo, atapita wapi?"

"Cucu mtamshika mkono," akasema Njagi, maana hivyo ndivyo huko bibi huitwa. "Ni mwaka mmoja, au miwili."

Hapo ndipo mazungumzo yalipovunjika. Ruguru hakuwa mtu wa kushikwa mkono, na Veronicah hakuwa mtu wa kungoja miaka miwili. Pasaka ilikuwa mapema Aprili. Mvua ikichelewa wiki moja tu, Veronicah angeukuta ua vilevile ulivyokuwa. Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo Muchangi asingelikiri hata mbele ya kasisi. Mtu anayepunguza maua ya wageni alikuwa akimfundisha yeye kukata.

"Mimi nimepogoa tangu wewe ukivaa kaptura," akasema, akicheka kidogo.

Njagi hakucheka. Alipangusa majani kwenye mkono wa shati lake la Jumapili, akaaga.

Jumanne ya wiki iliyofuata Muchangi alianza kazi, na ukweli usemwe, aliianza kwa makini kuliko watu wengi. Aliazima miwani kwa mchomeleaji vyuma wa sokoni. Alivaa gambuti, glavu za ngozi na koti la mikono mirefu japo jua lilikuwa likiwaka. Aliutikisa ua kwa mti mrefu kutoka mwanzo hadi mwisho ili nyoka, kama yupo, aondoke kwa heshima. Alichukua ngazi ya mbao, si ya chuma, akaifunga kwenye kigingi alichokichimbia chini. Chini ya waya wa stima hakupanda kabisa. Alisimama ardhini, akakata kwa msumeno yale yaliyofikika. Na alipokuta kiota cha njiwa-pori chenye makinda mawili, alipima hatua moja ya mguu huku na hatua moja huku, akaacha kipande hicho chote kama kilivyo. Kila kiumbe kilikuwa salama siku ile isipokuwa ua wenyewe.

Maana alipoliinua panga lake lililopinda, mkono ulifanya unachokijua. Ulikata hadi kwenye mti mkavu. Kijani karibu chote, upande huu na upande ule, kikaanguka chini, na nyuma yake yakabaki mashina ya kahawia na vipande vya matawi vilivyochongoka, vimekatwa sawasawa, kwa mstari ulionyooka ajabu. Ungekuwa mstari wa chai, ungeupiga picha.

Karibu saa tano, mama yake alitokea mlangoni. Alikuwa akisikiliza tangu asubuhi.

"Muchangi."

"Eh, Mami."

"Unakata kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Baba yako alikuwa..."

"Mami, rudi ndani, kuna vumbi. Kazi ya panga niachie mimi."

Alisema kwa upole. Ruguru alikaa kizingitini muda kidogo, uso ameuelekeza kule sauti ya panga ilikotoka. Kisha akapapasa fremu ya mlango, akageuka, akaingia.

Alhamisi kazi ilikuwa imekwisha. Kijia kilikuwa kimefunguka, watu wawili wangepita bega kwa bega. Muchangi alimpigia Veronicah picha, naye akajibu kwa kile kidole gumba cha kwenye simu. Jumapili Ruguru alitoka, akanyoosha mkono wake wa kushoto, na kiganja kikakutana na ncha za miti.

"Inadunga," akasema.

"Itachipua, Mami. Miezi mitatu."

Februari jua lilikaa angani kama limekodishwa. Pale alipokata palitoa utomvu, ukaganda, ukakauka. Majani machache yaliyosalia kileleni yaligeuka rangi ya kutu, yakaanza kudondoka yenyewe, hata upepo usipovuma. Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani Muchangi alikwenda kwenye ua akakwaruza gome kwa ukucha. Wiki za kwanza chini ya gome palikuwa na unyevu na rangi ya kijani. Alishukuru Mungu kwa sauti. Kisha ikawa kijani hafifu. Kisha siku moja akakwaruza shina la kwanza, la pili, la kumi, na yote yalikuwa ya kahawia na makavu. Katikati ya maiti zile, kile kipande cha njiwa kilisimama peke yake, kijani, kinang'aa, makinda yamekwisha kuruka. Aliona vibaya kukitazama.

Ndipo akaanza kufanya mambo ambayo mwenyewe angemcheka mtu mwingine kwa kuyafanya. Alikuwa akiamka alfajiri, anashuka mtoni na ndoo mbili, anapanda, anamwagia mashina, anashuka tena. Alileta samadi. Alipoona samadi inachelewa, alifungua gunia la mbolea ya chai lililokuwa likingoja mvua, akaizungushia miguuni mwa miti iliyokufa. Nelius alimkuta huko akiwa amechuchumaa.

"Baba Mwaniki," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "unamwagilia kuni."

"Unajua wewe?"

"Hata mtoto anajua."

Muchangi alisimama. Alichukua ndoo akashuka mtoni. Na kila Jumapili, mama yake alipouliza ua unaendeleaje, alimjibu kwamba unaanza kuchipua, bado kidogo tu, huku juu ndiko kumeanza. Huko juu mkono wa Ruguru haukufika. Uongo ule alikuwa ameupimia kimo.

Mvua ilikuja tarehe ishirini na saba Machi, ikapiga siku tatu bila kupumzika. Mtu asiyeijua nchi ile hawezi kuelewa kinachotokea hapo. Kila kitu kinachipua. Maharagwe yanatoka usiku mmoja. Magugu yanafunika njia. Vigingi vya zizi la ng'ombe, vilivyokatwa na kuchomekwa kwa nyundo, vilitoa majani. Muchangi alisimama mbele ya ua wake mvua ikimchuruzika shingoni, akatazama hatua tisini na kitu za vijiti vyeusi vilivyolowa, bila chipukizi hata moja. Akalia. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, alilia kwa kwikwi kijiani, na mvua ikamsitiri.

Siku zilizobaki hadi Pasaka zilikuwa saba. Vijiti vikavu vilikuwa vimeanza kukatika vikiguswa, na viganja vya Ruguru vilikuwa na michubuko ambayo aliificha kwa kukunja ngumi. Muchangi akanunua kamba ya manila, akaifunga kwenye vipande vya matawi vilivyotokeza upande wa kijia, kutoka mlangoni kwa mama hadi barabarani, akaikaza kwa nguvu zake zote.

"Kamba ni ya nini?" mama yake akauliza alipoishika.

"Ya kusaidia tu, Mami. Mpaka matawi yakomae."

Ruguru aliipitisha vidoleni, akatembea nayo. Nelius alikuwa akifua uani, akamwona amefika kwenye kile kipande cha njiwa. Aliiacha kamba. Aliingiza mikono yote miwili kwenye majani mabichi, akayapapasa, akanusa vidole vyake. Alisimama hapo muda mrefu, kisha akaishika kamba tena, akaendelea.

Ijumaa Kuu Muchangi alimwambia mama yake amngoje, atampeleka kanisani mwenyewe. Alikuwa akipeleka majani ya chai kwenye kituo cha kupimia kwanza, na foleni siku ile ilikuwa ndefu, kila mtu alitaka kupima kabla ya ibada. Kengele ikalia. Ruguru hakuwa amewahi kuikosa Ijumaa Kuu tangu abatizwe. Akachukua kitambaa chake, akatoka, akaishika kamba.

Kijia kilikuwa tope. Alipita penye mwanya wa mbwa, akapita kipande cha njiwa, akafika pale penye fundo kubwa kijia kinapopinda. Hapo mguu uliteleza, akaiegemea kamba kwa uzito wake wote, kama mtu yeyote angefanya. Kipande cha tawi kilichoishikilia kilikatika. Kikafuata cha pili, na cha tatu. Kamba ilimjia mkononi yote, imelegea, naye akaenda nayo ukingoni hadi chini.

Vichaka vya chai ya jirani ndivyo vilivyompokea. Muchangi mwenyewe alikuwa amevipogoa Juni iliyopita, na sasa vilikuwa vimefunga vizuri, laini na vizito juu. Daktari alisema bila vile vichaka angezungumza maneno mengine. Ulivunjika mkono, kifundo cha kushoto, ule wa kuendea kanisani.

Veronicah alifika saa tisa alasiri, akawakuta wamerudi kutoka hospitali, mama yao amefungwa plasta. Alikwenda kijiani na viatu vyake vya safari, akautazama ua kutoka mwanzo hadi mwisho, akaona ile kamba imelala topeni. Muchangi alimngoja apige kelele. Alitamani apige kelele.

"Naenda na yeye Jumatatu," akasema, na akaingia jikoni kumsaidia Nelius kupika.

Jioni ile, kabla giza halijaingia, Muchangi alikwenda kwa mama yake. Alimkuta ameketi karibu na moto, mkono umelazwa juu ya mto. Muchangi alivuta kigoda.

"Mami, ua ulikufa."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Februari. Mti mkavu una sauti yake."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaamka asubuhi unaenda mtoni. Nilikuwa nasikia ndoo." Akasogeza kuni kwa mguu. "Ningesema, ungeacha. Na ungekaa bila kitu cha kufanya."

Muchangi aliinamisha kichwa. Alisema alikosea, alisema Njagi alimwambia, alisema alidhani atauokoa kabla ya Pasaka. Maneno yalimtoka ovyo. Mama yake alimwacha amalize. Kisha akainua mkono wake mzima, akaonyesha vidole viwili vilivyobanana.

"Baba yako alikuwa anakata hivi," akasema. "Vidole viwili. Kila mwaka, mvua ya kwanza ikishaingia kwa udongo. Mimi ndio nilikuwa nashika ngazi, na mimi ndio nilikuwa napima, kwa sababu yeye akishika makasi alikuwa anasahau kusimama. Kama wewe."

Kuni zilipasuka motoni. Muchangi alivitazama vile vidole.

"Siku ile ulitaka kuniambia," akasema.

"Nilikuwa mlangoni," akasema Ruguru.

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya. Miezi mitatu Muchangi alikuwa amehangaika kuiokoa njia ya mama yake. Alikuwa ameuliza jirani, ameuliza duka la mbolea, ameuliza Mungu. Aliyejua alikuwa amekaa hatua ishirini kutoka kwenye panga, akaambiwa arudi ndani kwa sababu ya vumbi.

Jumamosi Ruguru alikataa kulala. Alitaka miche ipandwe kabla hajaondoka, maana mvua ilikuwepo; mashina yangeng'olewa baadaye. Njagi alileta miche ya saiprasi kutoka Kianjokoma kwa mkokoteni, na hakusema lolote kuhusu mazungumzo ya Januari, jambo ambalo Muchangi hatamsahau kwalo. Safari hii waliupanda ua ndani kidogo, mbali na ukingo, ili usije ukambana mtu tena. Ruguru alitembea kwenye mstari ameshikwa bega na Nelius. Ilikuwa mara ya kwanza kuonekana ameshikwa. Alipima nafasi kwa nyayo zake, unyayo na nusu, unyayo na nusu, na kila alipokanyaga akasema, "Hapa." Kipande cha njiwa alikataza kisiguswe. Miche ilikuwa na urefu wa shibiri moja. Veronicah alikuwa amesimama mlangoni, akauliza itachukua muda gani kufika mahali mkono unaweza kuigusa.

"Miaka miwili," Njagi akasema. "Mvua ikiwa nzuri."

Hakuna aliyetaja miaka ya Ruguru. Jumatatu asubuhi gari lilikuja mpaka mwisho wa kijia. Ruguru alipelekwa akiwa katikati ya watoto wake wawili, mkono wa plasta ukiwa hewani upande wa ua, haukugusa kitu.

Sasa hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Veronicah humpigia namba, akampa. Anauliza kuku, anauliza mvua, anauliza nani alisoma neno kanisani. Kisha anauliza lile analolipigia simu.

"Imefika wapi?"

Mei Muchangi alimwambia inakaribia goti. Juni akamwambia imepita goti. Sauti ya mama yake ilikuwa ikipungua kila wiki. Veronicah alisema hali chakula vizuri, anakaa tu kwenye kile kiti. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya Agosti, alipoulizwa, Muchangi alijibu bila kufikiri.

"Imefika kiunoni, Mami."



"Nenda uiguse," mama yake akasema. "Nataka kuisikia."

Muchangi alikuwa uani. Alitembea na simu hadi kijiani, akafika kwenye mche wa kwanza. Baridi ya mwezi wa saba ilikuwa imeichelewesha miche. Mkubwa kuliko yote ulimfika chini kidogo ya goti. Ilimbidi apige magoti kwenye udongo, na magoti yake ya miaka thelathini ya kupogoa hayakunjiki kimyakimya. Aliguna akishuka. Alisogeza simu kwenye majani, akayasugua polepole kwenye kioo chake, yakatoa mchakacho mdogo sana. Kisha akairudisha sikioni.

"Umepiga magoti," akasema Ruguru.

Muchangi aliushika ule mche kwa mkono wa pili.

"Basi bado."

"Bado, Mami."

"Ni kijani?"

"Ni kijani yote. Mpaka chini."

"Usiikate."

"Siikati, Mami."

"Hata kidogo. Mpaka nije nipime."

"Mpaka uje," Muchangi akasema.

Alisikia kiti cha plastiki kikikwaruza sakafu, kisha sauti ya Veronicah ikimwomba mama yake ampe simu. Laini ikakatika. Muchangi alibaki hapo chini, mkono mmoja kwenye ule mche, akasikiliza watu wakitoka kanisani.